Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: malaria mikoani inashuka, inapanda, na nani anahesabu?

Kila ripoti mpya ya malaria ikitoka yanakuja maswali yaleyale, huku mmoja anashangilia, kule mwingine anasema data zimepikwa, kumbe wote wawili wameshika namba moja ambayo hawajui ilikotoka. Nimeyakusanya hapa. Majibu ni ya Tanzania zaidi, majirani nawagusa pale tu wanapotusaidia kuelewa ya kwetu.

Nipe jibu fupi kwanza. Malaria Tanzania inapungua au haipungui?

Imepungua, tena sana, ila miaka ya karibuni imegoma kushuka zaidi. Namba ninazoziamini kuliko zote ni za zile tafiti za kaya, wale jamaa wanaopita nyumba kwa nyumba wanamtoboa kidole mtoto wa miezi 6 hadi 59, awe anaumwa au haumwi, wanampima kwa kipimo cha haraka. Mwaka 2007-08 walikuta asilimia 18 ya watoto wana vimelea. 2011-12 ikawa 9. 2015-16 ikapanda mpaka 14. 2017 ikashuka 7, na 2022 ikawa 8.

Kwa hiyo ukilinganisha mwanzo na mwisho imeshuka zaidi ya nusu, hapo hamna ubishi. Ila kati ya 2017 na 2022 ni kama tumesimama palepale. Na sio sisi peke yetu, dunia nzima imekwama hivyohivyo tangu katikati ya muongo uliopita, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000 kwa mwaka 2023 na Afrika ndiyo iliyobeba asilimia 94 ya wagonjwa hao.

Hiyo 14 ya 2015-16 ilitoka wapi? Malaria ilirudi halafu ikaondoka?

Hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Kabla hujasema imerudi, angalia walipima mwezi gani. Utafiti wa 2011-12 ulianza Desemba ukaisha Mei. Wa 2015-16 ulianza Agosti ukaisha Februari. Wa 2017 ulikuwa Oktoba mpaka Desemba. Wa 2022 ulienda Februari mpaka Julai. Sasa we unajua mwenyewe mvua zetu zilivyo, kuna mikoa inapata mvua mara mbili na kuna inayopata mara moja, mbu anafuata maji na vimelea vinafuata mbu kwa kuchelewa wiki kadhaa, kwa hiyo timu ikifika Mtwara mwezi huu na nyingine ikafika miaka minne baadaye mwezi tofauti, unalinganisha vitu viwili ambavyo sio ndugu.

Simaanishi kwamba ile 14 ilikuwa ya uongo. Kanda ya Ziwa kweli ilipanda. Ila ukichora mstari unaopita kwenye nukta tano halafu ukaanza kuelezea kila kona yake, nusu ya maelezo yako yatakuwa unaelezea kalenda.

Mbona Kagera inapanda na kushuka kama haina akili?

Kagera ni somo zima peke yake. 2007-08 watoto wenye vimelea walikuwa zaidi ya asilimia 40. 2011-12 ikaporomoka mpaka 8, watu wakashangilia. 2015-16 ikarudi tena juu ya 40. 2017 ikawa kama 15.

Kilichotokea sio kimoja. Kwanza, kuanzia 2007 walianza kupulizia dawa ukoko majumbani, yaani dawa inayobaki ukutani ikiua mbu, Muleba ikiwa ya mwanzo kwa sababu ya mlipuko mbaya wa 2006, halafu zoezi likapanuka mkoani na mpaka Mwanza na Mara, na vyandarua vya bure vikamwagwa miaka hiyohiyo. Baadaye mbu wakazoea dawa za kundi la pairethroidi, ndizo zilizokuwa zinapuliziwa, ikabidi kuhamia dawa za bei kubwa zaidi, na pesa ni ileile, kwa hiyo maeneo ya kupulizia yakapungua.

Pili, na hili huwa halisemwi kabisa, Kagera ya 2008 na Kagera ya 2012 sio mkoa mmoja. Mwaka 2012 ulizaliwa mkoa wa Geita, ukachukua Chato kutoka Kagera, Bukombe kutoka Shinyanga na Geita yenyewe kutoka Mwanza. Utafiti wa 2011-12 ukaitoa Geita peke yake na ikaonyesha asilimia 32. Yaani kipande chenye malaria kali kilihama na jina la Kagera likabaki nyuma likaonekana safi. Sio sababu yote ya kushuka, ila ni sehemu, na mtu anayechora grafu ya Kagera kuanzia 2008 bila kusema hivyo anakuonea.

Kwa hiyo mikoa mipya yote ina tatizo hilo?

Ndiyo. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu za 2012, Songwe ya 2016. Ukitaka mwenendo wa miaka mingi shuka kwenye halmashauri, na hata hizo zimegawanywa gawanywa, ila angalau unaweza kuziunganisha tena kwa mkono.

Mbona mikoa mingine haina malaria kabisa na mingine inaungua?

Arusha, Kilimanjaro na Manyara zimekuwa chini ya asilimia 1 utafiti baada ya utafiti. Upande wa pili 2017 Kigoma ilikuwa 24, na 2022 Tabora ikaongoza kwa 23. Juu milimani kuna baridi na vimelea ndani ya mbu vinachelewa kukomaa, mara nyingi mbu anakufa kabla havijafika kwenye mate. Ukanda wa ziwa, magharibi na kusini mashariki kuna joto, maji yaliyotuama, majaluba ya mpunga, nyumba zenye uwazi kati ya ukuta na paa.

Ila usidhani kuwa chini ya asilimia 1 ni kupona. Mtu wa Arusha hana kinga. Mtoto wa Tabora akifika miaka kumi ameshaumwa mara nyingi, mwili umejifunza, anaweza kutembea na vimelea bila hata homa. Wa Arusha akisafiri wiki moja akarudi nayo anaweza kwenda moja kwa moja kwenye malaria kali, mtu mzima kabisa. Ndiyo maana mpango wa taifa wa kudhibiti malaria siku hizi unagawa halmashauri kwa makundi, kiwango cha chini sana, cha chini, cha kati, cha juu, na mijini wanaangaliwa kivyao, kila kundi na dawa yake ya kupambana.

Wizara inasema wagonjwa milioni kadhaa, WHO inasema zaidi, utafiti unasema asilimia 8. Nani mkweli?

Wote. Wanapima vitu vitatu tofauti. Vituo vya afya vinahesabu watu waliokuja, wakapimwa, wakakutwa nayo. Utafiti wa kaya unahesabu watoto wenye vimelea siku ile timu ilipopita, hata kama hawaumwi. WHO wanachukua hizo zote mbili halafu wanakadiria na wale ambao hawakufika kituoni, waliojinunulia dawa dukani, waliofia nyumbani.

Tofauti kubwa iko kwenye vifo. WHO huiweka Tanzania kwenye karibu asilimia 4 ya vifo vyote vya malaria duniani, maana yake zaidi ya watu 20,000 kwa mwaka. Vifo vilivyoandikwa vituoni ni vichache mara nyingi kuliko hivyo. Mtu akiona hiyo tofauti anasema serikali inaficha, mimi nasema angalia watoto wangapi wanafia nyumbani bila cheti na ujiulize nani angewaandika. Lakini pia makadirio ya WHO ni makadirio, yana upana mkubwa chini na juu, na kila mwaka wanayarekebisha mpaka miaka ya nyuma, kwa hiyo usichukue ripoti ya mwaka juzi ukailinganisha na ya mwaka huu. Chukua ripoti mpya tu, mwenendo wote uusome humohumo.

Zamani kila homa ilikuwa malaria. Hiyo haiharibu mwenendo wote?

Inaharibu sana, na hili ndilo la kwanza ninalouliza nikiletewa grafu inayoanza 2005. Kabla ya vipimo vya haraka kusambaa nchini, kazi iliyofanyika kati ya 2009 na 2012, zahanati nyingi hazikuwa na darubini wala umeme, mama analeta mtoto ana joto, anaandikiwa malaria, anapewa dawa, anaingia kwenye kitabu kama mgonjwa wa malaria. WHO ilikuja kusema rasmi mwaka 2010 kwamba apimwe kila mtu kabla ya kutibiwa. Sasa kituo kilichokuwa kinaandika wagonjwa 400 kwa mwezi kwa kukisia, kikiletewa vipimo kinaweza kuandika 150, na malaria kijijini haijabadilika hata kidogo.

Na inaweza kwenda kinyume pia. Sehemu ambayo watu walikuwa hawaendi zahanati kwa sababu hamna kipimo wala dawa, vikija wanaanza kwenda, wagonjwa wanapanda. Kwa hiyo kipindi cha 2009 mpaka 2013 hivi mimi huwa nakichorea mstari wa wima kwenye grafu na kusema kushoto na kulia visilinganishwe.

Kipimo cha haraka na darubini, kipi kinasema kweli?

Vinajibu maswali tofauti. Kipimo cha haraka kinachotumika kwetu kinatafuta protini inayotolewa na vimelea vya falsiparamu, aina iliyo nyingi kwetu, na hiyo protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya mgonjwa kumeza dozi yake yote ya mseto, dawa yetu ya malaria, na kupona. Darubini inaona vimelea vyenyewe, ila inategemea jicho la mtu, ubora wa rangi, na kama amechoka. Ndiyo maana utafiti uleule, watoto walewale, mwaka 2011-12 kipimo cha haraka kilisema 9 na darubini ikasema 4.

Sasa unakuta mtu kachukua 9 ya huku na 4 ya kule anasema malaria imeshuka kwa nusu. Hilo nimeliona kwenye mawasilisho ya watu wenye shahada zao kabisa.

Data inatokaje zahanati mpaka inaonekana kwenye kompyuta ya wizara?

Inaanzia kwenye kitabu cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, kikubwa, kina mistari mingi, kila mgonjwa mstari wake: jina, umri, jinsia, anakotoka, kipimo, majibu, dawa. Malaria ina safu zake, amepimwa kwa darubini au kwa kipimo cha haraka, chanya au hasi. Mwisho wa mwezi nesi anakaa na karatasi ya kujumlisha anapiga vijiti, wa chini ya miaka mitano huku, wa juu kule, kijiti kimoja kimoja, tano anakata, halafu anajumlisha anajaza fomu ya mwezi. Wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata fomu inatakiwa iwe imefika wilayani, mratibu wa MTUHA au mtu wake anaiingiza kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2, ambao ulienea nchi nzima kuanzia 2013. Vituo vikubwa vinaingiza vyenyewe.

Ukiwa umewahi kukaa na hicho kitabu unajua matatizo yanazaliwa wapi. Nesi ni mmoja, asubuhi kuna foleni ya wajawazito, mchana mtoto wa degedege, vijiti vinapigwa saa mbili usiku. Kuna mwezi 6 inasomeka 0. Kuna mgonjwa aliyerudi baada ya siku tatu akaandikwa mara mbili kama wagonjwa wawili. Kuna maabara ina kitabu chake na jumla yake haifanani na ya kitabu namba 5, na mtu akija kukagua ubora wa data ndicho kitu cha kwanza anachofanya, anavilaza vitabu viwili mezani anahesabu upya mwezi mmoja. Tofauti ikiwa ndogo anasonga mbele. Ikiwa kubwa, mganga mfawidhi anaitwa.

Pamoja na yote hayo, makosa ya namna hii mengi yanakwenda pande zote, juu na chini, na ukijumlisha vituo mia mbili yanapunguzana. Makosa yanayotisha ni yanayoelekea upande mmoja, mfano vipimo kuisha mkoa mzima kwa miezi miwili.

Vipimo vikiisha, data inaonekanaje?

Inaonekana kama malaria imeisha. Waliothibitishwa wanashuka, wizarani grafu inapendeza. Ukitaka kuligundua angalia idadi ya waliopimwa sio waliokutwa nayo tu, ikiwa waliopimwa wameanguka ghafla na wagonjwa wa nje wenye homa wako palepale basi hakuna habari njema hapo.

Migomo ndiyo hivyohivyo. Kenya mwaka 2017 madaktari walikuwa nje siku 100 tangu Desemba iliyotangulia, halafu wauguzi wakagoma kuanzia Juni mpaka Novemba. Ukikutana na namba za hospitali za umma za Kenya za mwaka huo zishike kwa tahadhari. Na 2020 watu walikaa nyumbani kwa hofu ya korona, homa ilikuwa ni kitu cha kuficha, vituo vingi duniani vikarekodi wagonjwa pungufu mwaka uleule ambao WHO inakadiria vifo vilipanda.

Asilimia ya waliopimwa na kukutwa nayo, ndiyo nitumie basi?

Inasaidia kwa sababu haitikiswi sana na idadi ya watu waliokuja. Ila nayo ina ujanja wake. Kituo kinachopima kila mwenye homa kitapata asilimia ndogo kuliko kinachopima wale tu ambao daktari anawashuku. Na mafua yakizagaa, wenye homa zisizo za malaria wanajaa, asilimia inashuka bila mbu kufanya lolote. Mimi naitumia pamoja na idadi ya wagonjwa kwa watu 1,000, zikienda njia moja naamini, zikipishana naanza kuchimba.

Hao watu 1,000 mnawapata wapi?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Ni kutoka sensa. Sensa ya 2012 ilitupata milioni 44.9, ya 2022 ikatupata milioni 61.7. Miaka ya katikati ni makadirio, na makadirio ya wilaya moja moja yanaweza kuwa yamekwenda kombo kabisa, hasa wilaya za machimbo na za wafugaji ambako watu wanahama. Kwa hiyo sensa mpya ikitoka, wilaya inaweza kupata kushuka au kupanda kwa malaria usiku mmoja kwa sababu kigawanyo kimebadilika tu.

Jambo lingine, ukisikia wagonjwa hawajapungua idadi, kumbuka watu wameongezeka zaidi ya theluthi ndani ya miaka kumi. Idadi ileile kwa watu wengi zaidi ni kupungua. Ila kwa nesi mwenye foleni, foleni haijapungua, naye yuko sahihi kulalamika.

Kwa nini wanapimwa wajawazito na watoto wa shule kama hawaumwi?

Kwa sababu tafiti za kaya ni ghali na zinakuja kila baada ya miaka kadhaa, na hazitoi jibu la wilaya. Wajawazito karibu wote wanafika kliniki angalau mara moja, kwa hiyo kuanzia 2013-14 hivi tukaanza kumpima kila mama hudhurio la kwanza, na hapo unapata picha ya kila mwezi, kila kituo, ya watu ambao hawakuja kwa sababu ya homa. Shule za msingi nazo zimekuwa zikipimwa Tanzania Bara tangu 2014-15 kila baada ya miaka miwili mitatu, na watoto wa shule ndio wenye vimelea vingi vya kimyakimya. Ramani za makundi ya halmashauri nilizozitaja juu zimejengwa kwa data za aina hii pamoja na za vituo. Kwangu mimi hii ndiyo hatua nzuri kuliko zote ambazo ufuatiliaji wetu umepiga, na haijapigiwa kelele inavyostahili.

Mlipuko unajulikanaje, kuna namba maalum?

Hakuna namba moja ya nchi. Kila kituo au wilaya inajilinganisha na yenyewe. Tuseme kituo kimoja cha nyanda za juu, wiki ya 20 ya miaka mitano iliyopita kilipata wagonjwa 12, 19, 9, 31 na 15. Zipange: 9, 12, 15, 19, 31. Njia inayotumika sana ni robo ya tatu, kwa namba tano ni ile ya pili kutoka juu, yaani 19. Wiki hii wakija 26 umevuka, kengele ipigwe, watu watoke waende wakaangalie.

Kwa nini wasitumie wastani? Kwa sababu ile 31 huenda ulikuwa mwaka wa mlipuko. Ukitumia wastani na kuongeza upotofu sanifu (kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika) mara mbili, kizingiti kinazidi 30, kwa hiyo hao 26 wangepita kimya. Mlipuko wa zamani unakuziba macho usione mpya. Robo ya tatu haivutwi na namba moja kubwa hivyo. Hasara yake ni kengele nyingi za uongo, na kwenye mikoa yenye malaria mwaka mzima kama Tabora haina maana sana, hapo unafuatilia msimu.

Taarifa za wiki zinatumwa kwa simu ya mkononi, ya kawaida tu, hazisubiri fomu ya mwezi.

Zanzibar wamefanyaje?

Wako chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi sasa. Vyandarua, kupulizia, mseto, lakini kilichowatofautisha ni kufuatilia. Mwaka 2008 walianza vituo kutuma idadi kwa simu kila wiki, na kuanzia 2012 kila mgonjwa mmoja anafuatwa nyumbani, ofisa ufuatiliaji wa wilaya anapigiwa, anapanda pikipiki, anafika, anapima waliomo ndani, anauliza umesafiri wapi. Jibu mara nyingi ni Bara. Hapo tena ndipo mfumo wa sehemu moja peke yake unapogonga ukuta, maana boti zinaingia kila siku.

Na wana historia ya kuwatia adabu. Miaka ya 1960 Unguja na Pemba waliishusha malaria vibaya mno kwa kupulizia dawa ya mbu ya DDT, mpango ukasimamishwa mwishoni mwa muongo huo, ikarudi. Mpango wa Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulikuwa na kisa cha kufanana: walipulizia nusu ya pili ya miaka ya 1950, malaria ikaanguka, wakaacha, ikaanza kurudi taratibu.

Majirani je? Tuko mbele au nyuma?

Usipange ligi. Kenya walipata asilimia 11 mwaka 2010, 8 mwaka 2015, 6 mwaka 2020, lakini wao walipima kwa darubini na mpaka watoto wa miaka 14, kwa hiyo 6 yao na 8 yetu hazikai meza moja. Kinachofaa ni kuangalia ndani ya nchi yao: ukanda wa ziwa ulitoka 38 ukaja 27 kisha 19.

Uganda ilitoka 42 mwaka 2009, ikaja 19, ikaja 9 mwaka 2018-19, kwa darubini. Ila kule kaskazini walipuliza wilaya kumi kwa miaka kadhaa, wakaacha 2014 wakahamishia zoezi kwingine, 2015 malaria ikarudi kwa kishindo. Grafu ya nchi ilikuwa inashuka huku kaskazini inawaka. Rwanda waliokuwa mfano wa Afrika walipanda kuanzia 2012 hivi mpaka wakafika mamilioni ya wagonjwa kwa mwaka kabla ya kuishusha tena. Burundi walitangaza mlipuko Machi 2017. Ukichora ramani utaona Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na Kigoma inapakana na Burundi, mbu hana pasipoti.

Miaka mia iliyopita ilikuwaje, kuna anayejua?

Kuna mtu alifanya kazi ya kichaa hapo. Robert Snow, mtafiti wa malaria aliyefanya kazi Kenya miaka mingi, na wenzake walikusanya zaidi ya tafiti 50,000 za vimelea Afrika kuanzia 1900 mpaka 2015, nyaraka za wakoloni, ripoti za maabara, za kwenye makabati. Walikuta wastani wa kama asilimia 40 mwanzoni mwa karne na 24 mwaka 2010-15. Na katikati hapo haikuwa mteremko, ilipanda tena miaka ya 1980 na 1990 wakati klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, imekufa nguvu. Sisi tuliiacha klorokwini 2001, tukaingia dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 tukahamia mseto wa ALu.

Ufuatiliaji ni kuhesabu wagonjwa tu?

Hapana, na hesabu ya wagonjwa huwa inachelewa. Kuna vimelea vyenye mabadiliko ya kinasaba vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, dawa kuu iliyo ndani ya mseto, Rwanda waliripoti 2020, na Karagwe, Kagera, vikaja kuonekana. Mseto bado unaponyesha, tatizo ni mwelekeo. Pembe ya Afrika kuna vimelea visivyotoa ile protini, kipimo cha haraka kinasema hasi mtu anaumwa. Na kuna mbu stefensi anayezaliana kwenye matangi ya maji mjini: Djibouti walikuwa na wagonjwa 27 mwaka 2012 alipogunduliwa, 2020 wakapita 73,000. Kenya walimpata 2022.

Pesa za Marekani kukatwa 2025 kumegusa data?

Imegusa. Zile tafiti za kaya ninazozitaja tangu juu zilikuwa zinabebwa na programu ya DHS iliyofadhiliwa na Marekani, na Februari 2025 ikasimamishwa. Vitabu vya MTUHA havikusimama kwa sababu ni vyetu.

Nikitaka kuangalia mkoa wangu mwenyewe nianzie wapi?

Ripoti za tafiti za kaya ziko wazi za kupakua, zina majedwali ya mikoa nyuma kabisa. Fungua jedwali, andika pembeni kipimo gani, umri gani, miezi gani, na mpaka wa mkoa mwaka ule ulikuwaje. Angalia na idadi ya watoto waliopimwa mkoani kwako, mara nyingi ni mia chache tu, kwa hiyo mkoa ukitoka 13 kwenda 15 usiite waandishi wa habari. Namba za vituo omba kwa mganga mkuu wa wilaya kwa barua, sema unataka waliopimwa, waliokutwa nayo na asilimia ya vituo vilivyoleta ripoti kila mwezi, zote tatu. Ukipewa safu moja tu ya waliokutwa nayo, rudi uombe tena.